Sebene ilinikimbia Ujiji: nilivyojifunza kubadilisha sauti za gitaa jukwaani

Harusi ilikuwa Ujiji, ukumbi umejaa, na wimbo ulikuwa umefika pale rumba inapokatika na sebene, ile sehemu ya gitaa na kucheza, kuanza. Hapo mwimbaji hunyamaza, drams hugonga mara moja, na gitaa la solo huingia peke yake kuwaita wengine. Solo napiga mimi. Chini miguuni nina pedali za kubadilisha sauti. Nikazima korasi inayonenepesha sauti, nikawasha dilei inayotoa mwangwi, nikaanza kuitafuta kompresa inayosawazisha nguvu ya noti kwa ncha ya kiatu. Nilipoinua macho, wenzangu walikuwa wameshaanza bila mimi. Nikaingia nimechelewa, na sauti yenyewe ikatoka nyembamba, maana kompresa sikuipata.

Tulipokuwa tunakunja waya, mzee wetu wa besi aliniita pembeni. "Mwanangu, watu hawakusikia kosa. Walisikia shimo. Kosa mtu analicheza tu, lakini shimo halichezeki."

Sikulala vizuri siku ile. Kigoma muziki wa gitaa ni kitu cha nyumbani. Kongo iko ng'ambo ya ziwa, watu wanavuka na nyimbo zao, na Shem Karenga aliyevuma na Tabora Jazz ni mtoto wa huku. Ukipiga solo mbele ya watu wa hapa, ujue wanasikiliza.

Kesho yake nikachukua daftari. Niliandika nyimbo zetu 12, na katika kila wimbo nikaweka alama kila mahali sauti inapobadilika, kisha nikahesabu ni mara ngapi natakiwa kukanyaga. Pale pa sebene zilikuwa mara tatu ndani ya mapigo mawili. Wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde, kwa hiyo nilikuwa najidai kubonyeza swichi tatu kwa sekunde moja, kwa mguu mmoja, huku mwingine umebeba mwili na mikono inapiga. Hilo lilikuwa haliwezekani hata ningefanya mazoezi mwaka mzima.

Daftari likanionyesha jambo jingine: nilikuwa nimetengeneza sauti tisa, lakini nyimbo zilihitaji nne tu. Sauti safi yenye korasi kwa ajili ya rumba. Sauti kavu, inayong'aa, yenye kompresa na mwangwi mfupi kwa ajili ya sebene. Sauti ya kupanda juu wakati wa solo ndefu, yenye ovadraivu kidogo, yaani mkwaruzo. Na moja pana, ya taratibu, ambayo naitumia kanisani Jumapili. Zile tano nyingine nilizifuta.

Wakati huo nilikuwa nimeshaagiza mashine ya efekti nyingi iliyotumika, kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi. Nikadhani imeniokoa: sauti moja namba 1, nyingine namba 2, unakanyaga mara moja basi. Mazoezini nikasikia shimo lile lile, dogo zaidi lakini lipo. Nikihama kutoka namba moja kwenda nyingine, sauti inakatika kwa kitambo kifupi, na mwangwi uliokuwa unafifia unakatwa kama kwa kisu. Sababu ni kwamba kila namba ni programu yake, na mashine inaifunga programu nzima na kuifungua nyingine, na katikati hapo haitoi kitu. Zipo mashine zinazouacha mkia wa mwangwi umalizike wenyewe hata ukishahama. Yangu haina uwezo huo.

Dawa ilikuwa kuacha kuhama. Nilitengeneza programu moja tu, nikapanga ndani yake kila kitu: kompresa, ovadraivu, korasi, dilei. Kisha nikaiagiza swichi moja ifanye kazi tatu kwa pamoja: izime korasi, iwashe kompresa, iwashe dilei. Mkanyago mmoja, na sauti haikatiki kwa sababu programu ni ile ile. Gharama yake ni kwamba mashine ina kikomo. Ukiijaza sana inakataa kuongeza efekti. Nikaitoa riveba, ule mwangwi wa ukumbi, nikamwachia fundi mitambo aiweke kwenye mikisa, mashine yake ya kuchanganya sauti. Mwenye pedali moja moja anaweza kupata kitu hicho hicho kwa kisanduku cha swichi, ambacho kila pedali inaingia kwenye mlango wake na kitufe kimoja kinawasha na kuzima kadhaa. Nilijaribu cha rafiki yangu anayepiga kanisani Mwanga, hapa hapa Kigoma. Ni kizuri mno, ila bei yake kwangu bado.

Ovadraivu nayo ilikuwa na njia yake isiyohitaji mguu kabisa. Niliiacha iwake, nikashusha kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe hadi 6. Gitaa linasafika. Solo ikifika, kidole kidogo cha mkono wa kulia kinakizungusha hadi 10 bila kuacha kupiga. Wazee waliopanda jukwaani na gitaa, waya na amplifaya tu walijua siri hii kabla yetu.

Sehemu iliyonitesa zaidi ni ukubwa wa sauti. Nyumbani, kwa hedifoni, sauti zangu zote nne zilikuwa tamu na sawa. Ukumbini ile ya solo ilimezwa. Sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, halizisikii vizuri zile nzito sana na zile nyembamba sana. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo mwaka 1933. Kwa hiyo ukiwa chumbani unaongeza besi na trebo mpaka upendezwe, na unaipunguza sauti ya kati. Ukifika jukwaani, besi inagongana na mpiga besi, trebo inagongana na matoazi ya drams, na sauti ya kati, ambako gitaa ndiko linakoishi, umeshaitupa. Tena ovadraivu inabana sauti: ukiwa peke yako unaiona kubwa, ukiwa na bendi inarudi nyuma.

Basi siku ya shughuli nyingine niliwaomba wenzangu twende ukumbini mapema. Drams na besi wakapiga kwa nguvu ile ile ya usiku, mimi nikawa nabadilisha sauti, na mpiga ridhimu akasimama mlangoni akirekodi kwa simu. Tukasikiliza pamoja. Nikarudisha sauti ya kati, nikaipandisha ya solo kwa desibeli 3 hivi juu ya nyingine, na zile tatu nikazilinganisha. Nusu saa ile ilinifaa kuliko miezi yote ya chumbani.

Mwangwi nao una hesabu. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika, unapata milisekunde za pigo moja. Sebene yetu inakwenda mapigo 130, yaani kama 461. Nusu yake ni 230, na hapo ndipo nilipoiweka dilei. Mwangwi ukiangukia kwenye mapigo, unakusaidia kupiga. Ukiangukia nje unamvuruga hata mpiga drams. Na dilei ikae baada ya ovadraivu, la sivyo kila mwangwi utakwaruzwa upya na solo itakuwa uji.

Kuhusu mguu: usikanyage kwenye pigo la kwanza. Pigo la kwanza linatakiwa litoke na sauti mpya tayari, kwa hiyo nakanyaga nusu pigo kabla yake. Hapo mkono wa kushoto unalegeza nyuzi bila kuziachia, wa kulia unakwangua mara moja, "chak", na mabadiliko yanajificha ndani ya mkwaruzo huo. Nilifanya mazoezi nimevaa viatu vile vile vya harusi. Peku nilikuwa sikosei, lakini soli ya kiatu ilikuwa inabonyeza swichi mbili. Nikagandisha kizibo cha soda juu ya swichi ya sebene, ikainuka juu ya wenzake, na sasa naipata bila kuangalia chini.

Umeme ukiyumba, mashine yangu inajizima na kuwaka kwenye programu ya kwanza, kwa hiyo ile programu moja ndiyo nimeiweka hapo. Na adapta isomwe kabla ya kuchomekwa: pedali nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Mimi niliuziwa yenye chanya katikati, nikapoteza pedali moja.

Tukiwa mazoezini Gungu, mzee wa besi aliomba daftari langu. Akatazama alama za mikanyago, akauliza, "Hapa ndipo unapobonyeza?" Nikamjibu ndiyo, mzee. Tuliporudia wimbo, kwenye ile nusu pigo yangu aliweka noti mbili za kupanda, fupi, zikanipeleka moja kwa moja kwenye sebene. Tangu siku hiyo anazipiga kila mara, na kwenye daftari, pembeni ya alama yangu, ameandika yake kwa kalamu nyekundu.