Mkebe wa Kimbo

Januari 2003 serikali mpya ya Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi, nilirudi darasa la nne baada ya mwaka mzima wa kuokota chupa na mama kando ya Juja Road. Darasani tulibanana watoto 90 na ushei. Karo ilifutwa, njaa ilibaki palepale. Kengele ya mwisho ikilia tulitimua mbio hadi kituo cha watoto kule Mlango Kubwa, Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi: ukumbi wa mabati, mabenchi, taa moja ya kusomea, na uji wa wimbi saa kumi jioni.

Sharti lilikuwa moja: uji unanywewa hapohapo. Haukuwa uchoyo, kuna watoto walionyang'anywa njiani. Lakini mdogo wangu wa miaka mitatu alikuwa ameshinda kwa jirani na nusu andazi, na kituo kilipokea wa darasa la kwanza kwenda juu.

Siku hiyo ilinyesha, kila mtu akakimbilia ndani. Nikakinga uji kwenye mkebe wangu wa Kimbo, ule wa mafuta ya kupikia, nikajifanya napuliza, nikaufunika na kuusukuma chini ya sweta. Kifuniko kilikuwa na ufa. Hatua ya tatu nikausikia uji ukiteremka tumboni, wa moto, hadi kwenye mshipi wa kaptura. Sikulia. Nilijikunja nikatembea kama mzee.

"Wewe, tumbo linauma?" Shosho, bibi wa jikoni, aliuliza, mwiko mkononi.

"Haliumi, shosho."

"Mbona linatoa moshi?"

Alinivuta jikoni, akapandisha sweta, akanimwagia maji baridi kikombe baada ya kikombe.

"Ulikuwa wa nani?"

"Wa mtoto wetu."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

Akaendelea kumwaga maji. Nilingoja kufukuzwa.

"Kesho mlete. Mpitishe mlango wa nyuma."

Kesho yake mdogo wangu alikalia debe nyuma ya gunia la makaa, akikwangua sufuria. Wafadhili walipokuja na kamera zao walipiga picha foleni yetu tu, na afadhali, maana wakati huo jikoni tayari kulikuwa na wadogo watatu. Kwenye daftari la kituo mdogo wangu aliandikwa 2006, alipoanza darasa la kwanza. Mwalimu alimuuliza kama ana kijiko. Akaenda jikoni kukichukua.