Acha kwanza hiyo 777: kushea faili kati ya Linux na Windows

Ukigugo tatizo la folda ya Linux kukataa kuandikwa kutoka Windows, jibu la kwanza utakalokutana nalo ni piga chmod 777 kwenye folda (komandi inayomruhusu kila mtu kufanya kila kitu), basi. Na kweli saa ingine linafunguka, ndo ubaya wake sasa, maana hujajua ni nini kilikuwa kimekataa, na kikikataa tena wiki ijayo unabaki unaitolea macho skrini. Mi hizi kazi nazifanya hapa Mtwara mjini, steshenari, ofisi ndogondogo, saa ingine vyama vya ushirika vya wakulima msimu wa korosho ukianza na makaratasi yanakuwa mengi, na stori karibu zote zinafanana: kuna kompyuta moja ya kizamani imewekewa Linux kwasababu Windows yake ilishachoshwa na virusi vya flash za wateja, zingine mbili tatu zina Windows, alaf bosi anataka zote zitumie folda moja.

Chukua hii ya steshenari moja maeneo ya Chikongola. Mwenye duka ni dada mmoja mchapakazi kwelikweli, kaunta yake haipoi, huyu kaleta barua ya mkataba, yule fomu, mwanachuo kaja na ripoti ya fildi inatakiwa leoleo. Kompyuta ya nyuma ina Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ndo inatunza faili, ya kaunta ina Windows 10, na laptopu ya kijana wake ina Windows 11. Akanambia hivi: "Fundi, faili naliona, nalifungua, nasoma vizuri, ila nikisevu linagoma. Sasa kama halitaki si lisionekane kabisa tujue moja?"

Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko majibu mengi niliyoyaona mtandaoni. Linaonekana ila halisevu kwasababu ruhusa zinaangaliwa mara mbili, na wanaoangalia ni watu wawili tofauti ambao hawaulizani. Wa kwanza ni Samba, ile programu inayoifanya Linux iongee lugha ya Windows ya kushea faili, inaitwa SMB (Samba yenyewe ni ya siku nyingi, Mwaustralia mmoja Andrew Tridgell ndo aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990). Wa pili ni Linux yenyewe na ruhusa zake za mwenye faili, grupu na wengine. Samba ni mlinzi wa getini, Linux ndo mwenye chumba. Mlinzi akikupitisha haimaanishi chumba kiko wazi, na ukiwa na ufunguo wa chumba mlinzi anaweza kukuacha nje vilevile. Kwahiyo kabla hujagusa kitu chochote jua kwanza umekataliwa na nani.

Namna ya kujua ni rahisi na haihitaji Windows kabisa. Kaa kwenye hiyohiyo kompyuta ya Linux, fungua terminali uandike hivi (kazi ni jina la folda inayoshewa, kaunta ni jina la yuza):

smbclient //localhost/kazi -U kaunta

Ikikujibu NT_STATUS_LOGON_FAILURE, umekwama getini, yani jina au paswedi. Ikikujibu NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME, hiyo shea haipo, umekosea jina au folda uliyoiandika kwenye konfigi (faili la mipangilio ya Samba) haipo kwenye diski. Ikija NT_STATUS_ACCESS_DENIED, jina lako limejulikana ila kuna sehemu ndani hutakiwi, hapo angalia valid users (orodha ya wanaoruhusiwa) kwenye konfigi alaf uende kwenye ruhusa za folda. Na kama hapa kila kitu kiko sawa ila kwenye Windows bado, basi acha kuichokoa Linux, tatizo liko kwenye Windows au njiani, fayawali au rauta. Windows yenyewe inakuletea kiboksi kinachosema huna ruhusa wasiliana na msimamizi wa mtandao, wakati msimamizi wa mtandao ni wewe mwenyewe umekaa hapo unatoka jasho.

Tuanze na paswedi maana inasumbua wengi. Paswedi ya kulogini Linux siyo paswedi ya Samba. Samba ina kitabu chake. Unaweza ukawa na yuza anaitwa kaunta anaingia Linux vizuri tu ila Samba haimjui, mpaka umwandikishe kwa sudo smbpasswd -a kaunta (sudo ni kupiga komandi kwa mamlaka ya msimamizi), na ukitaka kuona nani wameshaandikishwa piga sudo pdbedit -L. Alaf huyo yuza lazima awepo na kwenye Linux, hata kama hataruhusiwa kukaa kwenye kibodi ya hiyo mashine.

Pale dukani geti halikuwa na shida, tatizo lilikuwa chumbani. Nikaenda kwenye folda nikapiga ls -l, na faili mojawapo la pale likaonekana hivi:

-rwxr--r-- 1 kaunta kaunta 48211 barua_ya_mkataba.docx

Isome taratibu hiyo laini, jibu lote limo. Mwenye faili ni kaunta, grupu nalo ni la kaunta peke yake, mwenyewe anaruhusiwa kuandika, wengine wote kusoma tu. Kijana akilifungua kwenye laptopu yake kwa jina lake, yani yuza laptopu, Word inaandika kule juu kwamba ni la kusoma tu, na akianzisha faili yeye kaunta nayo inakwama vilevile. Hizo ruhusa kwa namba ni 0744 (7 ya mwenye faili ni kila kitu, 4 ya grupu na 4 ya wengine ni kusoma tu), na hakuna aliyezichagua, ndo Samba inavyokuja nayo, usipoandika create mask (mpangilio wa ruhusa za faili jipya) inakupa 0744, na folda mpya zinakuwa 0755. Yani kwa mtu mmoja mwenye kompyuta zake mbili ni sawa kabisa ila kwa duka lenye watu wawili ni kero kila siku.

Dawa ni grupu. Unatengeneza grupu moja, mi niliita duka, unawaingiza wote, na folda inakuwa ya grupu:

sudo groupadd duka
sudo usermod -aG duka kaunta
sudo usermod -aG duka laptopu
sudo mkdir -p /srv/kazi
sudo chgrp -R duka /srv/kazi
sudo chmod 2775 /srv/kazi

Hiyo a kwenye -aG usiiache kabisa, ukiandika -G peke yake unamtoa yuza kwenye magrupu mengine yote, na kama ni yule yule mwenye sudo basi umejifungia nje na funguo ziko ndani. Ile 2 ya mwanzo kwenye 2775 ndo inafanya faili jipya lirithi grupu la folda badala ya kubeba grupu la aliyelitengeneza. Alaf kwenye /etc/samba/smb.conf chini kabisa:

[kazi]
path = /srv/kazi
valid users = @duka
read only = no
force group = duka
create mask = 0664
directory mask = 2775

Piga testparm ikuambie kama kuna herufi umekosea, alaf sudo systemctl restart smbd. Ila hapa kuna kitu wengi wanasahau wanaanza kulalamika kwamba haijafanya kazi: hayo mabadiliko ni ya faili zitakazokuja, za zamani zimebaki na ruhusa zao za zamani. Zinyooshe mara moja kwa sudo chmod -R g+rwX /srv/kazi. Hiyo X ni kubwa makusudi, inaweka ruhusa ya kuingia kwenye folda, na kwenye faili inaongeza x (ruhusa ya kuendeshwa kama programu) pale tu ilipokuwepo tayari.

Mbona /srv na sio kwenye home, ile folda binafsi ya yuza? Kwasababu kuanzia Ubuntu 21.04 folda ya home ya mtu inakuja na 750, maana yake watu wengine hawawezi hata kupita. Unaweza ukaweka folda ya ndani 777, ukapiga na magoti, lakini kama folda ya juu yake haipitiki ile ya ndani hutaifikia. Kuna komandi naipenda sana kwa hili, namei -l /srv/kazi/barua_ya_mkataba.docx, inakuonyesha njia nzima ngazi kwa ngazi, nani mwenye hii, nani mwenye ile, unaona palipokwama kwa macho yako. Wenye Fedora (Linux ya aina nyingine) wana mlinzi mwingine wa tatu, SELinux, huyo anaweza kukataa hata kama kila kitu kiko sawa mpaka uipe folda lebo ya samba_share_t, semanage fcontext alaf restorecon.

Sasa Windows. Windows ina tabia ya kukumbuka. Ukishaingia kwenye seva kwa jina moja hata kama ulikosea, inaling'ang'ania, na ukijaribu kuingia kwa jina lingine kwenye seva ileile inakutolea eroo 1219, haitaki majina mawili kwa wakati mmoja. Unabadilisha paswedi huko Linux, unarestati Samba, unaapa, kumbe Windows inatuma ileile ya zamani. Fungua CMD andika net use * /delete (itakata na draivu zingine za mtandao ulizounganisha, uwe unajua), alaf nenda Credential Manager, pale Windows inapotunza paswedi, ufute iliyohifadhiwa, halafu ingia upya. Na ukimwongeza mtu kwenye grupu naye akate aingie upya, uanachama wa grupu unasomwa pale anapoingia.

Na wale waliozoea kushea bila jina wala paswedi, zama zile zimeisha. Windows za sasa zinazidi kuwakataa wageni, Windows 11 toleo la 24H2 ndo imekaza zaidi. Kuna namna za kulegeza ila mi silegezi, mpe kila mtu jina lake ni dakika mbili tu.

Ukienda upande wa pili, yani folda iko Windows na Linux ndo inaifuata, kuna PIN. Kijana anaingia laptopu yake kwa PIN kila siku mpaka paswedi kaisahau, alaf anashangaa Linux inaikataa PIN. PIN ni ya mashine ileile tu, mtandaoni inatakiwa paswedi ya akaunti yenyewe. Na akaunti isiyo na paswedi kabisa Windows haiiruhusu kuingia kwa njia ya mtandao. Halafu kwenye Windows nako ruhusa ziko sehemu mbili, kichupo cha Sharing na cha Security, na inayobana zaidi ndo inashinda, kwahiyo ukiruhusu Everyone kwenye Sharing ukaacha Security hivohivo hujafanya kitu. Ukishaipata uiunganishe Linux kwa mount -t cifs usisahau uid na gid (namba ya yuza na ya grupu lake), la sivyo faili zote zinaonekana za root, yani msimamizi mkuu, na chmod hapo haikusaidii:

sudo mount -t cifs //192.168.1.31/skani /mnt/skani -o username=laptopu,uid=1000,gid=1000,file_mode=0664,dir_mode=0775

Vivyo hivyo kama folda unayoishea kutoka Linux iko kwenye patisheni ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows), chmod kwa kawaida inapita bila kulalamika na hakuna kinachobadilika, ruhusa unazipanga kwenye /etc/fstab (faili la diski zinazounganishwa kompyuta ikiwaka) kwa uid, gid na umask. Na kama kompyuta ina Windows na Linux zote mbili, ile Fast Startup ya Windows inaifanya isizime kabisa, Linux ikija inaikuta patisheni iko nusu usingizi inaifungua ya kusoma tu. Hapo utahangaika na ruhusa mpaka jioni wakati dawa ni kuzima Fast Startup.

Kuna na mauzauza ambayo siyo ruhusa ila yanajifanya ruhusa. Umeme ukikatika Word ikiwa wazi, ile ya nyuma iko kwenye UPS inaendelea, inabaki na kifaili kilichojificha kinachoanza na ~$ na Word inasema faili linatumiwa na mtu mwingine. Hakuna mtu. Piga sudo smbstatus uone kama kweli kuna aliyelishika, kama hakuna futa hicho kifaili cha ~$ tu, siyo faili lenyewe jamani.

Mashine ya kopi ndo imebaki. Ni ya zamani, inaskani kwenda kwenye folda ila inajua SMB1 tu, lile toleo la kwanza la SMB, na Samba kuanzia 4.11 ya mwaka 2019 SMB1 imezimwa, Windows nayo iliacha kuja nayo mwaka 2017, mwaka uleule kirusi cha WannaCry kilipopitia kwenye SMB1 na kufunga makompyuta dunia nzima. Inawezekana kuiwasha kwa laini moja ya server min protocol. Dada aliniomba niiwashe, nikamwambia hapana dada'angu, kwenye mashine hiyohiyo inayotunza mikataba ya watu siiwashi, nitakuwekea FTP (njia nyingine ya kutuma faili) ya folda moja ya skani peke yake, mashine yako inaijua. Akakubali kwa shingo upande, na mpaka niipate siku ya kurudi kijana anaskani kwenye flash.