Faili nililolifuta huku mashine ikiwa bado imelishika

Nina rafiki ambaye dawa yake ya kila ugonjwa wa kompyuta ni moja: zima, washa. Printa imegoma, zima washa. Intaneti nzito, zima washa. Siku ile ningemsikiliza mpaka mwisho, mauzo ya wiki sita ya duka zima yangekwenda na maji. Kwa bahati nilimsikiliza nusu tu, na hiyo nusu ilitosha kunitia jasho.

Natunza seva ya duka moja la jumla Kariakoo. Ni seva ya mtumba, kelele zake kama mashine ya kusaga, na ndani yake kuna mashine pepe nne, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja, juu ya KVM, teknolojia ya Linux ya kuziendesha. Haina skrini. Naingia kutoka mbali kwa SSH, naandika amri za `virsh`, chombo cha kuziongozea mashine hizo, natoka. Mashine tatu nilizitengea nafasi yake yote tangu siku ya kwanza. Ya nne, `duka`, yenye mfumo wa mauzo, niliiwekea diski ya qcow2, yaani faili linaloigiza diski, inayonenepa kadiri inavyolishwa. Nilijiona mjanja.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, dada wa kaunta akanipigia. "Kaka, mfumo umeganda. Watu wamejaa."

`virsh list --all` ikanionyesha `duka` iko `paused`, yaani imesimamishwa. `virsh domstate duka --reason` ikataja hitilafu ya diski, na `df -h`, ya kupima nafasi ya diski, ikamaliza ubishi: imejaa asilimia 100. Hapo sikuogopa hata kidogo. QEMU, programu inayoiendesha kila mashine pepe, ina adabu zake: nafasi ikiisha haiiui mashine, inaisimamisha pale pale ilipofika na kukusubiri. Ukipata nafasi unaandika `virsh resume`, maisha yanaendelea.

Nikampigia rafiki yangu, sijui kwa nini. Akasema, "Angalia tarehe za mafaili. Lililokaa muda mrefu bila kuguswa, futa."

Kwenye `/var/lib/libvirt/images` kulikuwa na `duka.qcow2`, GB 180, mara ya mwisho kuandikwa ni mwaka juzi. Kando yake `duka.sasisho`, GB 230, ya leo leo. Mimi si mzembe bwana, nikahakikisha kwanza mashine inatumia diski zipi: `virsh domblklist duka`. Jibu likataja `duka.sasisho` peke yake. Basi lile kuukuu halina mwenyewe! Kulikuwa pia na mafaili ya ISO ya kusanikishia, jumla GB 12 hivi, lakini niliyaona kiduchu, hayafai hata kuhangaika nayo. Nikaandika `rm duka.qcow2`, nikabonyeza Enter kwa mbwembwe.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Mwaka juzi, kabla ya kusasisha mfumo, nilichukua snapshoti ya diski, alama ya kurudia mambo yakiharibika, kwa `--disk-only`, nikasahau kuifunga. Snapshoti ya aina hiyo hainakili kitu. Ni kama mwenye duka anayeanza daftari jipya la madeni: kuanzia leo anaandika kwenye jipya, ila deni la zamani anafungua daftari la zamani kulitazama. Tarehe ya `duka.qcow2` ilikuwa ya mwaka juzi kwa sababu lilikuwa linasomwa bila kuandikwa. Na ile `domblklist` inakuonyesha daftari la juu tu. Mimi nilikuwa nimelichana la chini.

Sikujua bado. Nilichoona ni kwamba `df` imebaki asilimia 100 ile ile, kana kwamba sijafuta chochote. Nikampigia tena. "Kawaida hiyo," akasema. "Zima washa seva, nafasi itaonekana." Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alikuwa sahihi. Nafasi ingeonekana, GB 180 nzima, safi kabisa.

Kidole kilikuwa tayari kwenye `reboot` nilipojiuliza: mbona nafasi haijarudi? Kwenye Linux, `rm` inaondoa jina tu. Kama kuna programu imelifungua faili lile, mwili wake unabaki diskini mpaka programu iliachie. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa amelishika. Nikaandika `qemu-img info -U --backing-chain duka.sasisho`, kuuliza diski hiyo imejengwa juu ya nini, nayo ikalalamika kwamba faili la chini halipo. Mikono ikapoa.

Bekapu? Ilikuwepo, ya wiki sita nyuma. Tuendelee.

Nikatafuta namba ya prosesi (programu inayofanya kazi) ya `duka` kwa `pgrep -f guest=duka`, ikaja 2417. Kisha `ls -l /proc/2417/fd`, orodha ya mafaili iliyoyafungua, na katikati ya ule msururu, namba 31 ikielekea `duka.qcow2 (deleted)`. Sijawahi kufurahia kuona neno "deleted" kiasi kile. Faili lilikuwa hai, limening'inia kwenye prosesi moja, na prosesi inategemea umeme, na umeme unategemea betri ya UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) ambayo niliahidi kuibadilisha tangu Ramadhani.

Nikamwambia mzee mwenye duka nahitaji diski ya nje sasa hivi. "Kijana, ya nini tena?" Nikasema nitaeleza baadaye. Akatoa laki na ushee, nikavuka barabara mbio, nikarudi, nikaiformati ext4, kisha:

`cp --sparse=always /proc/2417/fd/31 /mnt/nje/duka.qcow2`

Lile daftari la chini halikuwa likiandikwa, kwa hiyo kulinakili hivyo hakukuwa na hatari. Hatari ilikuwa muda. Seva ya mtumba ina matundu ya USB 2.0 tu: saa moja na nusu. Nilikaa chini nikitazama taa ya UPS kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kaunta wakaandika risiti kwa mkono. Feni ya dari ikipunguza kasi kidogo tu, moyo paa.

`qemu-img check` ikasema faili la nakala ni zima. Hapo ndipo zile ISO nilizozidharau zikaniokoa: nikazifuta, nikapata GB 12 za kuhemea, nikaandika `virsh resume duka`, ikaamka kana kwamba ilisinzia, halafu `virsh shutdown duka` ili izime kistaarabu. Prosesi ilipokufa, GB 180 za yule marehemu zikarudi kwenye `df`, nami nikairudisha nakala mahali pake. Saa moja na nusu nyingine. Saa tisa alasiri duka likauza.

Usiku nikahamishia mashine ya majaribio kwenye diski ya nje, maana kuunganisha madaftari kunalinenepesha lile la chini na ukibanwa nafasi katikati ya kazi utajuta. Kisha `virsh blockcommit duka vda --active --verbose --pivot`, huku mashine ikiwa inafanya kazi. Masaa mawili na kitu. `domblklist` iliporudi kutaja `duka.qcow2`, bado nilitazama mnyororo wote wa madaftari mara tatu kabla ya kugusa `duka.sasisho`.

Wapo watakaokwambia usifute, hamishia folda nyingine kwanza uone kama kuna kitakachovunjika. Ndani ya diski ile ile, hakitavunjika kitu: prosesi inaendelea kulishika faili popote ulipolipeleka, wewe unalala usingizi, na siku mashine itakapozimwa ndipo itagoma kuwaka.

Mzee aliuliza kesho yake ile diski ilikuwa ya nini. Nikamwambia ni ya bekapu. Sikudanganya, kuanzia usiku ule imekuwa ya bekapu. Akauliza tena kama nimeshanunua betri ya UPS.