Mkopo wa chuo hukwamia kwenye karatasi

Wazazi na walezi wa Mbagala, Buza na Gongo la Mboto, mwenye kijana aliyemaliza Kidato cha Sita asisubiri dirisha la Bodi ya Mikopo lifunguliwe ndipo aanze kutafuta vyeti.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Kuwa nacho hakutoshi, lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa aliyezaliwa Zanzibar ni ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Yatima ahakiki pia cheti cha kifo cha mzazi. Hapa ndipo watoto wengi wenye shida ya kweli wanapoangukia: baba alizikwa kijijini, kifo hakikusajiliwa, na kwenye mfumo mtoto anasomeka kama ana wazazi wote wawili. Kusajili kifo cha zamani huchukua muda, kwa hiyo lianze hilo kabla ya mengine yote.

Kaya iliyo kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, andaeni namba ya kaya.

Kisha linganisheni majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanaidi na cha Kidato cha Nne Mwanahidi, herufi hiyo moja inaleta usumbufu. Tumieni namba ileile ya mtihani wa Kidato cha Nne kwenye maombi ya mkopo na ya chuo, maana hayo ni maombi mawili tofauti.

Fomu ya mkopo ikishajazwa mtandaoni na kuchapwa, inasainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili, halafu kurasa zilizosainiwa zinarudishwa kwenye mfumo. Tafadhali, mtu wa stesheneri anayewajazia maombi asiweke namba yake ya simu wala nywila yake. Akaunti ni ya mtoto.