Freising: Kilima cha Askofu na Kilima cha Bia

Wasafiri wengi wanaotua katika uwanja wa ndege wa Munich hawajui kwamba uwanja huo uko karibu zaidi na Freising kuliko Munich kwenyewe. Nilipopata nafasi ya kufika Bavaria, kusini mwa Ujerumani, niliuchagua mji huo wa kando ya mto Isar kwa makusudi, kwa kuwa sisi wa Lubumbashi, ambao wazee wetu walipokea Injili kwa wamonaki Wabenediktini, tuna sababu ya pekee ya kutazama mahali ambapo kanisa na bia vilikua pamoja.

Kanisa kuu la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Korbiniano limesimama juu ya kilima kinachoitwa Domberg. Husimuliwa kwamba Korbiniano, aliyefika huko katika karne ya 8, alikuwa akisafiri kwenda Roma ndipo dubu akamuua mnyama aliyembebea mizigo. Mtakatifu akamwamuru dubu mwenyewe aibebe mizigo hiyo, na walipofika Roma akamwacha aende zake. Dubu huyo yumo katika nembo ya mji, na Papa Benedikto wa 16 alimweka katika nembo yake pia. Papa huyo alipewa upadre katika kanisa hilo tarehe 29 Juni 1951, siku ya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, ambao ndio wasimamizi wa kanisa kuu letu la Lubumbashi. Nilipoikumbuka tarehe hiyo nikiwa mbele ya altare, niliguswa sana.

Mapambo ya ndani, yaliyokamilishwa na ndugu wawili wa ukoo wa Asam mwaka 1724, yamejaa dhahabu, michoro na malaika kila upande. Nayaheshimu, lakini moyo wangu ulibaki chini, katika kanisa dogo lililo chini ya altare kuu, ambako kuna msitu wa nguzo za mawe za karne ya 12. Nguzo moja imechongwa watu wanaopigana na majoka yanayowameza, na anayepita lazima asimame, kwa maana fundi wake hakuacha nafasi hata ndogo bila kiumbe.

Kilima cha pili ni Weihenstephan, palipokuwa na monasteri ya Wabenediktini. Kiwanda chake cha bia huhesabu umri wake tangu mwaka 1040, na hujitambulisha kuwa cha kale kuliko vyote duniani vinavyofanya kazi hadi leo. Monasteri ilifungwa mwaka 1803, mali zake zikachukuliwa na serikali, na mpaka sasa kiwanda ni mali ya jimbo la Bavaria. Pembeni yake Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich hufundisha elimu ya kutengeneza bia, na vijana hutoka nchi nyingi kuja kuisoma. Bia ya ngano ya huko hunukia ndizi na karafuu, ingawa hakitiwi kimojawapo: harufu hizo huzalishwa na chachu yenyewe.

Hapo ndipo nilipofikiria munkoyo wetu, kinywaji cha mahindi cha kwetu Katanga. Mjerumani huotesha shayiri au ngano iwe kimea, kwa sababu nafaka inapochipua hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha chachu. Mama wa Katanga hupika uji wa mahindi, kisha hutia mizizi iliyopondwa ya mmea unaoitwa pia munkoyo. Vimeng'enya vilivyomo katika mizizi hufanya kazi ileile, na uji mzito hugeuka kuwa kinywaji chepesi chenye utamu. Ni elimu kamili, iliyorithishwa kwa mikono kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu. Kwa hiyo natamani sana Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi kiwe na maabara ya munkoyo, na akina mama wanaoupika wakaribishwe humo kama walimu, wakiwaonyesha wanafunzi mzizi upi huchimbwa, hupondwa namna gani, na uji uwe na joto kiasi gani unapotiwa.