Mgonjwa Bado Ana Kazi

Somo: Isaya 38:1–20

Bwana asifiwe, wapendwa.

Nabii Isaya alimletea mfalme Hezekia neno zito kuliko jibu lolote la daktari: "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Hezekia akaugeukia ukuta, akaomba, akalia sana. Tunapoihubiri habari hii tunakimbilia machozi yale na miaka 15 aliyoongezewa, kisha tunafunga Biblia. Isaya hafungi hapo. Kuanzia mstari wa 9 anatupa maandiko ya mfalme mwenyewe: shairi la mtu anayelia kama ndege, anayeyaona maisha yake yamekunjwa kama mfumaji anavyokunja kazi yake, na anayemaliza kwa kusema kwamba nyimbo zake zitaimbwa kwa vinanda nyumbani mwa Bwana. Ugonjwa huohuo umesimuliwa pia katika 2 Wafalme 20, ila shairi halimo. Namshukuru Mungu kwamba Isaya alilihifadhi, kwa sababu linatuonyesha mtu aliyetoka kitandani na kitu mkononi.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji wa saratani mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 71. Alinusurika, ila mwili haukurudia nguvu zake. Siku nyingi alizipitisha kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Kusimama muda mrefu mbele ya turubai kulimshinda. Akashika mkasi. Wasaidizi wakapaka karatasi rangi, naye akazikata majani, ndege, mawimbi. Binti mmoja aliyemwuguza baadaye akawa mtawa, na mazungumzo yao yakazaa kanisa dogo huko Vence, kusini mwa Ufaransa, lililowekwa wakfu mwaka 1951. Madirisha, michoro ya ukutani, hata mavazi ya kasisi, vyote alivibuni yeye. Alifariki mwaka 1954.

Najua, si kila mtu atapewa miaka 13 kama Matisse, wala 15 kama Hezekia. Wapo watakaopewa majuma. Sitaki mgonjwa asome tafakari hii akadhani kwamba akiwa na imani ya kutosha, siku zitaongezwa. Daudi katika Zaburi ya 39 anaomba ajulishwe mwisho wake na kiasi cha siku zake, ajue jinsi alivyo dhaifu. Hiyo nayo ni sala ya imani, na mtu anayeiomba hajakata tamaa.

Kinachonichoma moyo ni jinsi sisi waumini tunavyowastaafisha wagonjwa kabla ya wakati. Habari ikishatoka kwamba ugonjwa hauponi, mama aliyekuwa akitunga nyimbo za kwaya anaondolewa kwenye ratiba "apumzike". Tunakuja, tunamwekea mikono, tunaomba uponyaji, tunaaga kwa sauti ya chini. Hakuna anayemwuliza kuhusu ule wimbo alioacha katikati. Tumemhurumia mpaka tukamnyang'anya kipawa ambacho Mungu hajakichukua.

Wala tusiyatukuze maumivu. Mtu anayeumwa usiku kucha hawezi kutunga kitu, na kuvumilia bila dawa si utakatifu. Wauguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye maradhi mazito, wanafanya kazi ya Bwana wanapoyatuliza maumivu, kwani mara nyingi ndipo mgonjwa anapopata tena saa nzima ya akili safi asubuhi. Saa hiyo ni yake. Akitaka kulala, alale. Akitaka kufuma kofia ya mjukuu, mletee uzi.

Basi wiki hii, ukienda kumjulia hali, mwulize, "Kuna kitu ungependa kukimalizia?" Kisha nyamaza, usubiri. Akikutajia, usimwambie asijichoshe. Kama vidole vimelegea, wewe andika anayosema. Kama sauti imepungua, rekodi kwenye simu hata kwa vipande vipande, umsikilizishe, aseme pa kurekebisha. Na wimbo ukikamilika, uimbwe Jumapili hii, yeye akiwa bado anausikia.