Uzoefu wangu: kula na kudhibiti uzito baada ya kutolewa mfuko wa nyongo

Ukishatolewa mfuko wa nyongo unabaki na kesi mbili kwa mpigo, tumbo na uzito, na balaa lake ni kwamba chakula kinachotuliza tumbo ndo hicho hicho kinachopandisha kilo. Tumbo likivurugika linataka wali mweupe, mkate mweupe, viazi vya kuchemsha, biskuti kavu, chai ya sukari, vitu laini visivyo na mafuta, na vyote hivyo ni wanga mtupu. Sasa ukikaa humo miezi kwa sababu tu havikusumbui, suruali ndo inaanza kukupa taarifa. Mimi nimepita huko nikatoka, kilo zilizopanda zimeshuka na tumbo limetulia, kwa hiyo naeleza nilivyofanya, wewe chukua kinachokufaa.

Mawe yangu ya kwenye mfuko wa nyongo, ndo yaliyonipeleka kwenye oparesheni, yalionekana kwenye utrasaundi baada ya uzazi wa mwisho. Ujauzito ni moja ya vitu vinavyochangia, homoni zinafanya nyongo ibebe kolestroli nyingi na mfuko wenyewe unakuwa mvivu kujikamua, nyongo inatuama humo mpaka mawe yanaanza kujijenga. Oparesheni ilikuwa ile ya matundu madogo, sina mengi ya kusema hapo zaidi ya kwamba bega liliniuma kuliko tumbo, kumbe ni ile gesi wanayojazia tumboni ili waone vizuri, inabaki kidogo inachokoza kwa juu halafu wewe unaisikia begani. Inaisha yenyewe baada ya siku chache, tembea tembea tu.

Kilichonisaidia kuliko orodha ya usile hiki usile kile ni daktari kukaa na kunielewesha nyongo inavyofanya kazi. Inatengenezwa na ini, na ini halijaguswa, bado linatoa kama nusu lita mpaka lita nzima kwa siku. Ule mfuko kazi yake ilikuwa kuweka akiba ndogo, mililita 30 mpaka 50 hivi, ila imekolezwa haswa, halafu ukila chakula cha mafuta utumbo unatoa homoni, mfuko unajikamua, nyongo inamwagika kwa pamoja pale inapohitajika. Mfuko ukishatoka nyongo inakuwa inadondoka taratibu kwenye utumbo muda wote, usiku na mchana, umekula hujala, kama bomba lisilofunga vizuri. Kwa hiyo mafuta bado unayameng'enya, ila ukiyaleta mengi kwa mkupuo nyongo iliyopo haitoshi, yanapita nusu nusu, ndo unapata gesi, tumbo kuunguruma na kukimbilia choo. Tangu hapo swali langu jikoni likawa mlo huu mmoja una mafuta kiasi gani, mambo ya jumla ya siku nzima nikayaacha kwanza.

Wiki za mwanzo nilikula vyeupe na vya kuchemsha kama kila mtu, supu, wali, kuku bila ngozi, samaki wa kuchemsha, ndizi mbivu. Choo kilikuwa shida, hasa asubuhi, nikinywa tu kahawa kabla sijatia kitu tumboni basi ujue dakika chache mbele natafuta mlango. Kuna sababu yake, ile nyongo inayodondoka usiku kucha hakuna chakula cha kuifanyia kazi, kawaida karibu yote inanyonywa mwishoni mwa utumbo mdogo na kurudi kwenye ini, lakini ikizidi nyingine inateremka mpaka utumbo mpana na kule inawasha, inavuta maji, unaharisha. Na kahawa yenyewe inausukuma utumbo. Nikahamisha kahawa ikawa baada ya kula na kikombe kikapungua, hilo peke yake lilinipa asubuhi yangu.

Kipindi hicho uzito unashuka na kila anayekuona anakusifia, umependeza, endelea hivyo hivyo. Usishangilie sana. Umepungua kwa sababu huli na tumbo halishiki kitu. Baadaye kidonda kinapona, hamu inarudi, na kuna jambo watu hawalisemi, kabla ya oparesheni yale maumivu ndo yalikuwa askari wako. Ulikuwa unaogopa kula usiku, unaogopa vya kukaanga, unaogopa hata kushiba, maana ulikuwa unajua saa saba usiku utakuwa umejikunja kitandani umeshika ubavu wa kulia. Askari ameondoka, unakula bila hofu, sahani inakua bila wewe kuona. Ndo maana wengi wanasema ukitolewa nyongo lazima unenepe, mimi sikubaliani nao, hakuna kitu kwenye huo mfuko kilichokuwa kinakukondesha. Unachoona ni hamu iliyorudi, ikikutana na ule mlo wa wanga uliouzoea ukiwa mgonjwa. Mimi nilipanda kama kilo sita hivi na wala nilikuwa sigusi chipsi.

Hapo nikaanza kusoma vibandiko vya nyuma ya pakiti. Vile vilivyoandikwa havina mafuta, mtindi wa matunda, biskuti za "dayati", sosi za saladi, soma mstari wa sukari uone. Mafuta yana kalori 9 kwa gramu na wanga una 4, kwa hiyo ukisoma haraka unaona umeokoa, ila wanapotoa mafuta ladha inapotea na mara nyingi wanaziba pengo kwa sukari, halafu wewe unakula mara mbili kwa sababu haishibishi. Nikaachana navyo, mtindi nachukua ule wa kawaida usio na sukari, natia matunda mwenyewe.

Sasa jikoni. Mafuta ya kupikia nilianza kuyapima kwa kijiko cha chai. Ukimimina kutoka kwenye chupa, jicho linakuambia ni kidogo, jaribu siku moja mimina unavyomimina siku zote lakini kwenye kikombe kwanza, halafu hesabu vijiko. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 5, yaani kalori 40 na kitu. Mchuzi wa watu wanne nikawa nautilia vijiko viwili, kitunguu nakikaanga kwa moto mdogo na nikiona kinataka kushika natia maji kidogo, kinalainika vizuri tu na rangi kinapata. Supu ya nyama naipika jioni, inalala kwenye friji, asubuhi mafuta yameganda juu kama karatasi nyeupe, unayanyanyua kwa kijiko unatupa. Ladha inabaki kwenye supu, wala hakuna aliyelalamika mezani.

Ila mafuta yote sikuyafuta na nashauri mtu asifute. Kuna vitamini A, D, E na K, hizi zinahitaji mafuta ili mwili uzinyonye, na chakula kisicho na mafuta kabisa hakikai tumboni, saa moja baadaye unafungua kabati. Niliyarudisha moja moja. Yai la kuchemsha kwanza, moja tu, na mchana, siku ambayo nipo nyumbani. Likapita salama, nikakaa nalo siku kadhaa, ndo nikajaribu kingine. Nilikuwa naandika kwenye simu, nimekula nini, kiasi gani, tumbo limesemaje, na baada ya muda maandishi yakaanza kunifundisha vitu ambavyo hakuna mtu angenitabiria. Parachichi nusu zima linanivuruga, robo linapita vizuri na siku ya pili robo tena vizuri. Samaki mwenye mafuta hana neno. Karanga mkono mmoja sawa, zikizidi hapo tumbo linajaa upepo. Maziwa fresh shida, mtindi poa. Chokleti usiku ni vita. Yako yatakuwa tofauti kabisa, kuna watu wanakula kila kitu kuanzia wiki ya pili na kuna ambao tumbo linagoma mwaka mzima, kwa hiyo orodha ya jirani isikutishe wala isikudanganye.

Nyuzinyuzi ndo zilizounganisha kesi zote mbili, hapa ningekuwa na uwezo ningepiga kelele. Zile zinazoyeyuka, za kwenye shayiri, maharage, tufaha, karoti, zinafanya kitu kama uji mzito tumboni na zinaishika ile nyongo inayozurura, choo kinapata umbo, na wakati huo huo zinakushibisha kwa muda mrefu, kilo zinashuka bila kushinda na njaa. Nilibadilisha kifungua kinywa, mkate mweupe na chai ya sukari vikapisha uji mzito wa shayiri na kipande cha tunda. Ila nenda taratibu jamani, ukiruka kutoka sifuri mpaka bakuli la maharage utapata gesi ya kukutenga na watu. Maharage nilianza na vijiko vitatu vinne tu pembeni ya chakula, yamelowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yamemwagwa, yamepikwa mpaka yamelainika kabisa. Baada ya muda bakuli zima likawa halina neno.

Halafu ushauri ule maarufu, kula kidogo kidogo mara nyingi. Kwa tumbo ni ushauri sahihi kabisa, mafuta yanagawanyika na nyongo inayodondoka inapata kazi ya kufanya. Kwa uzito ni mtego, kwa sababu wengi wetu tunasikia "mara nyingi" na tunasahau "kidogo", milo mitatu inageuka milo sita na kila mmoja una sahani yake. Nilichofanya, chakula cha siku nzima nakipakua mara moja kwenye vyombo vyenye mifuniko, chakula kile kile ambacho ningekula kwa milo mitatu, kinakaa kwenye vyombo vitano. Kikiisha kimeisha. Na kila chombo lazima kiwe na kitu cha protini, kipande cha kuku, samaki, yai, maharage, mtindi, maana chombo cha wanga peke yake kinaisha na wewe bado unaangalia kingine.

Kasi ya kupungua nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, nilipewa hiyo na nikaishikilia hata pale mzani uliponichosha kwa kukataa kusogea. Mdogo wangu aliniona nahangaika na vyombo vyangu akaniambia dada si ufunge tu wiki mbili unywe juisi yaishe, nikamwambia mdogo wangu wewe ndo usithubutu maana mfuko wako bado unao. Ukipungua kwa kasi ini linamwaga kolestroli nyingi kwenye nyongo, na ukishinda na njaa mfuko haujikamui, ndo mawe hayo yanatengenezwa. Na sisi tuliotolewa tusijione tumemaliza, mara chache mawe yanaweza kubaki au kujijenga kwenye mirija yenyewe ya nyongo.

Mazoezi sina hadithi ndefu. Vitu vizito usinyanyue mpaka daktari akuruhusu, mara nyingi ni wiki kadhaa, jimu itakusubiri. Mimi nilitembea, hasa baada ya kula, dakika ishirini hivi, gesi inatoka njiani huko hakuna anayesikia na usingizi wa baada ya chakula unakata.

Mialikoni ndo pagumu. Chakula kinang'aa mafuta na mwenyeji amekusimamia. Nilikuwa nakula kitu kidogo nyumbani kabla ya kutoka, nyongo isinikute na tumbo tupu na mimi nisikute sinia na njaa, nikifika napakua mwenyewe, nyama naichagua ile isiyo na ngozi wala mafuta, mchuzi nauchota pembeni badala ya juu. Maelezo mengi ya oparesheni sitoi, unaishia kusikiliza historia ya tumbo la kila mtu.

Kuna dalili ambazo hizo usibishane nazo nyumbani. Macho au ngozi ikigeuka njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka, homa na maumivu makali upande wa kulia juu, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa mrija umeziba. Na kuharisha kukikataa kuisha baada ya miezi, usikubali kuambiwa zoea tu. Ipo dawa inaitwa kolestiramini, ya unga, unaikoroga kwenye maji, inakamata ile nyongo iliyozidi. Mimi sikuihitaji, ila nimeona mtu wa karibu imemrudishia maisha, anaweza kupanda basi bila kupanga vituo vya choo. Ukiandikiwa mwambie daktari dawa zako nyingine zote, kwa sababu inazishika na zenyewe, zinatakiwa zinywewe kwa kupishana masaa.

Kilo zangu zimerudi karibu na pale zilipokuwa kabla ya ujauzito, haikuwa haraka, kuna miezi zilikaa pale pale. Kijiko cha chai bado kipo kwenye chupa ya mafuta, kwenye simu siandiki tena isipokuwa nikijaribu kitu kipya. Chipsi nakula, nusu sahani, mchana, na siku ambayo sina safari.